Mota ya kaboni, brashilesi, au brashilesi yenye sensa? Ulinganisho kwa mwenye gari la rimoti

"Mjomba, limekufa."

Mpwa wangu aliliweka gari mezani, mchanga ukimwagika kutoka kwenye matairi. Hata kabla ya kulifungua, harufu ya vanishi iliyoungua ilishajaa sebuleni. Nikazungusha gurudumu kwa kidole: likaenda robo mzunguko, likakwaruza, likagoma. Gari ni Tamiya TT-02, la barabarani kabisa, na yeye alikuwa amelipeleka ufukweni. Mota yake ni lile kopo la rangi ya fedha la ukubwa wa 540 lililokuja na gari. Akauliza swali ambalo kila mwenye gari la aina hii huuliza siku moja: tununue kama hii hii ya kaboni, au tuweke brashilesi, yaani mota isiyo na kaboni zinazosugua?

Nikamwambia kwanza tujue aliyekufa ni nani.

## Kabla hujanunua chochote

Kazi ya mwendo hufanywa na wawili: mota, na kidhibiti mwendo ambacho wengi tunakiita ESC tu, kile kiboksi kilicho kati ya betri na mota. Mmoja akifa, mara nyingi huwa ameshamjeruhi mwenzake. Mota ya kaboni iliyokwama huvuta umeme kupita kiasi, na ESC ndiyo inayoupitisha umeme huo.

Kipimo chake ni rahisi. Chomoa waya mbili za mota, uziguse kwenye betri mbili ndogo za redio zilizopangwa mkia kwa kichwa, yaani volti 3. Ikizunguka laini, mota ni nzima na mtuhumiwa ni ESC. Ikitetemeka au ikinyamaza, imekwisha. Mota ya brashilesi, yenye waya tatu, usiipime hivyo: haitazunguka, utapasha waya moto bure.

Halafu uliza kilichoiua. Kwa magari niliyoyafungua mimi, muuaji ni mara chache kuwa mota yenyewe. Ni pinioni (gia ndogo ya kwenye shafti ya mota) kubwa iliyowekwa ili gari likimbie zaidi, ni nyuzi za nyasi zilizojisokota kwenye ekseli, au bushi zilizojaa mchanga. La mpwa wangu lilikuwa na mawili kati ya hayo. Ukiweka mota mpya bila kuyaondoa, umeipeleka mahali palepale ilipofia ya kwanza.

## Nitalinganisha kwa vigezo gani

Kwanza, kukaa kwenye gari. Magari mengi ya kipimo cha 1/10 hutumia mota yenye kipenyo cha milimita 36 hivi. Ya 540 ina urefu wa karibu milimita 50, na ya 550 ni ndefu zaidi kidogo. Kwenye brashilesi utaona namba kama 3650 au 3660: mbili za mwanzo ni kipenyo, mbili za mwisho ni urefu. Shafti ya kawaida ni milimita 3.175. Ukikuta ya milimita 5, hiyo ni ya magari ya 1/8 na pinioni yako haitaingia. Meno nayo lazima yaoane, na ukubwa wake hutajwa kwa moduli au pichi: TT-02 ni moduli 0.6, gari la Traxxas Slash ni pichi 48. Ukichanganya, gia kubwa ya plastiki itageuka unga.

Vingine ni umeme na betri, utulivu kwenye mwendo mdogo, joto, vumbi na maji, ufundi, yaani nani atakayeitengeneza ikiharibika, na gharama pamoja na zile ambazo tangazo halizitaji.

Kasi nimeiacha nje makusudi. Aina zote tatu zinaweza kukupa kasi. Kinachoamua ni gia na betri, na hesabu yake nitaionyesha huko mbele.

## Mota ya kaboni na ESC yake

Ndani yake kuna amecha inayozunguka katikati ya sumaku, na kaboni mbili zinazosugua komyuteta, ile pete ya shaba ya kwenye amecha, ili kuipelekea umeme. Nguvu yake huhesabiwa kwa mizunguko ya waya iliyosukwa kwenye amecha: mizunguko michache, kasi kubwa na umeme mwingi, mizunguko mingi, mwendo wa pole wenye nguvu ya kuvuta. Kopo la fedha lina kama 27. Titan, mota ya kaboni ya Traxxas Slash, ni ya 550 yenye mizunguko 12. Za kupanda miamba huwa 35 hadi 55.

Kukaa. Hakuna kinachoingia kirahisi kuliko hiki. Skrubu mbili, waya mbili, pinioni ileile. Ikizunguka kinyume, badilisha waya.

Umeme na betri. Soma ESC yako inaruhusu mizunguko mingapi. Hobbywing Quicrun 1060, moja ya ESC za kaboni zinazoonekana sana, kwa betri ya seli mbili za LiPo (aina ya lithiamu) inaruhusu mizunguko 12 kwenda juu, na kwa seli tatu, 18 kwenda juu. Ukishuka chini ya hapo unaiunguza mwenyewe.

ESC nyingi za namna hii zina kijiti kidogo cha plastiki unachokichomeka kuonyesha betri ni LiPo au NiMH (aina ya nikeli). Kitazame kila unapobadilisha betri. Mimi niliwahi kukiacha upande wa NiMH huku nimeweka LiPo. Gari likaendelea kukimbia vizuri tu, maana hapakuwa na cha kulizuia seli ziliposhuka chini ya volti 3. Jioni betri ilikuwa imevimba kama andazi.

Utulivu. Huanza taratibu bila kushtuka, hata kwa mguso mdogo wa rimoti. Hapa mota ya bei nafuu inaishinda brashilesi ya kawaida, na wengi hawataki kuliamini hilo mpaka waone.

Joto, vumbi na maji. Ndipo ilipo dhaifu. Kaboni inasugua, inatoa cheche na kuisha. Vumbi huingia kwenye matundu ya kopo na kufanya kazi ya msasa. Maji ya bomba itavumilia, ila kaboni zitalika haraka. Maji ya chumvi huacha kutu ndani yake siku hiyo hiyo. Kwenye fukwe zenye mchanga mweusi, chembe za chuma hunasa kwenye sumaku na hazitoki kwa kupulizwa.

Ufundi. Kopo la fedha limefungwa kwa kukunjwa bati; kaboni zikiisha, unatupa mota nzima. Zile zenye skrubu kwenye kichwa unaweza kuzifungua, ukabadilisha kaboni na springi, ukasafisha komyuteta. Ikiwa mpya, usiikimbize siku ya kwanza: iache izunguke bila mzigo kwa volti 3 dakika kadhaa, ili kaboni zilike kidogo na kushika umbo la komyuteta. Kuna wanaochomoa mota ya 550 kwenye dreli mbovu ya betri. Umbo mara nyingi linafanana kweli, lakini ile imesukwa kwa volti 12 au zaidi, kwa 7.2 itakwenda kama inasukuma mkokoteni. Kwa gari la mtoto mdogo, si wazo baya.

Gharama. Ndogo mwanzoni, halafu inarudi tena na tena.

Inamfaa anayeanza, mtoto anayejifunza kukata kona, mpanda miamba, na yeyote ambaye gari lake bado lina bushi za plastiki na hana mpango wa kuzitoa.

## Brashilesi isiyo na sensa

Hapa mambo yamegeuzwa. Waya umesukwa kwenye ganda lililosimama, sumaku ndiyo inayozunguka. Hakuna kinachosuguana isipokuwa beringi. Kazi iliyokuwa ya komyuteta imehamia kwenye ESC, ndiyo maana ESC ya kaboni haiwezi kuendesha mota hii. Wanauzwa wawili, na mara nyingi kwenye boksi moja.

Kukaa. Ukichagua 3650 au 3652 yenye shafti ya 3.175, huingia mahali pa 540. Za urefu wa 60 na zaidi, pima kwanza nafasi ya nyuma ya mota. ESC nayo ni kubwa, ina feni mgongoni, na inahitaji pahali penye upepo. Waya ni tatu. Gari likienda kinyume, badilishana waya mbili zozote.

Umeme na betri. Kwenye ganda utaona kV. Si kilovolti; ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti. Mota ya 3500 kV kwenye seli mbili, yaani volti 7.4, inazunguka 25,900 bila mzigo. Kwenye seli tatu inafika 38,850. Ndiyo maana seli moja zaidi inabadilisha gari kuliko mota mpya. Ila fikiria betri yenyewe utaipataje: tangu Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni, LiPo zikiwemo, zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kwenye ndege za abiria kama mzigo. Kama duka la karibu lina seli mbili tu, usinunue mfumo ambao utamu wake uko kwenye seli tatu.

Utulivu. ESC inajua sumaku ilipo kwa kusikiliza umeme unaozalishwa na mota inapozunguka. Ikiwa imesimama, haina cha kusikiliza, hivyo inabahatisha. Gari linagugumia, linatetemeka kidogo mahali pamoja, kisha linaruka. Kwenye uwanja wazi hutaliona hilo. Kwenye jiwe lenye mteremko, au ukitaka kutambaa nyuma ya kiti sebuleni, litakukera.

Joto, vumbi na maji. Nzuri kuliko zote tatu kwa maisha ya nje. Nyingi zimefungwa pande zote, na ESC nyingi za daraja hili zimezibwa zisiingie maji. Kinachokufa ni beringi, hasa baada ya bahari, na beringi ni za bei ndogo. Adui mkubwa ni joto. Weka kidole kwenye ganda baada ya dakika tano. Usipoweza kukishikilia hata kwa sekunde tatu, punguza pinioni. Mwenye kipimajoto cha kuelekeza asivuke nyuzi 80 au 90, maana sumaku ikipikwa sana hupoteza nguvu na haiirudishi.

Ufundi. Hutengenezi sana, unabadilisha. ESC ikiungua, hakuna fundi wa redio atakayekuuzia matumaini; transista ndogo ziko kumi na kitu chini ya gundi.

Gharama. Boksi lenyewe ni mwanzo tu. Ongeza plagi, kwa sababu ile nyeupe ya Tamiya hupata moto na kuyeyuka kwenye umeme huu. Weka XT60 au Deans. Ongeza beringi. Ongeza pinioni mbili tatu za kujaribia. Kisha subiri difu na shafti zianze kulalamika, kwa sababu nguvu uliyoiongeza lazima ipite mahali. Gari la plastiki lililoundwa kwa kopo la fedha lina neno lake kuhusu jambo hilo.

Kampuni yenyewe ya Traxxas huiuza Slash kwa namna zote mbili: yenye Titan ya kaboni na ESC ya XL-5, na yenye brashilesi ya Velineon ya 3500 kV na ESC ya VXL-3s. Ukiona tofauti ya bei ya magari hayo mawili ni ndogo kuliko gharama ya kubadilisha lako, na bado hujanunua gari, jibu umelipata.

Inamfaa anayekimbiza kwenye vumbi, matope na viwanja vya mpira, anayependa kuruka, na aliyechoka kununua makopo.

## Brashilesi yenye sensa

Neno sensa lisikupeleke kwenye kuhesabu watu. Ni vipima sumaku vidogo ndani ya mota vinavyoiambia ESC sumaku iko wapi hata gari likiwa limesimama. Habari hiyo hupita kwenye kamba nyembamba ya nyuzi sita.

Kukaa. Sawa na 540, karibu kila mara. Tofauti ni waya: hapa zimeandikwa A, B na C, na lazima zikutane herufi kwa herufi. Ukizibadilisha kama ulivyozoea kwenye aina ya pili, unaweza kuunguza vyote viwili. Kugeuza mwelekeo hufanywa kwenye mipangilio ya ESC au ya rimoti.

Umeme na betri. Hizi mara nyingi huhesabiwa kwa mizunguko kama za kaboni: 21.5, 17.5, 13.5 na kushuka. Lakini usilinganishe namba za pande mbili, 17.5 ya brashilesi haina uhusiano wowote na 17 ya kaboni. Ya 13.5 ni kama 3000 kV.

Wenye TT-02 wasikilize hapa. Ikiwa gari lako lilikuja na TBLE-02S ya Tamiya, ESC hiyo inaendesha mota ya kaboni na pia brashilesi yenye sensa. Isiyo na sensa haiiwezi. Kwa hiyo nusu ya safari mwenye gari anayo tayari bila kujua: anahitaji mota ya 17.5 au 13.5 na kamba yake tu. Ila ESC hiyo haina cha kuzuia LiPo isiishe kupita kiasi. Tumia NiMH, au chomeka king'ora kidogo cha betri kwenye plagi ya kusawazishia.

Utulivu. Hapa ndipo pesa yako ilipo. Gari linaanza kama maji yanayotiririka, breki inashika bila kuruka, na unaweza kulitembeza kwa mwendo wa kobe. Castle Creations wana ESC inayoanza kwa sensa kisha kuendelea bila sensa gari likishachanganya mwendo.

Joto, vumbi na maji. Kamba ndiyo udhaifu wake. Tundu lake likiingia matope, au uzi mmoja ukikatika ndani ya ganda bila kuonekana, gari linarudia kugugumia. ESC nyingi zitaendelea kuendesha bila sensa hadi urudi nyumbani, si zote. Mota za mashindano zina matundu ya kupozea upande, na ufukweni matundu hayo ni milango.

Ufundi. Nyingi hufunguka kwa skrubu, unabadilisha beringi, hata kibao cha sensa. Weka kamba ya akiba kwenye boksi la vifaa. Ni ya kwanza kufa na ya mwisho kushukiwa.

Gharama. Juu kuliko zote, isipokuwa kwa yule mwenye ESC inayoikubali tayari.

Inamfaa anayekimbia kwenye lami au zulia, anayeshindana kwa madaraja ya 17.5 au 13.5, na anayejali kona kuliko kasi ya moja kwa moja.

Kuna aina ya nne nitakayoipitia haraka. Hobbywing Fusion imeunganisha mota na ESC ndani ya ganda moja, kwa ajili ya wapanda miamba. Waya zimepungua, maji hayaogopeshi, na utulivu wake ni wa ajabu. Lakini nusu moja ikifa, umezika zote mbili.

## Hesabu ya kasi kwenye gari moja

TT-02 ikiwa na pinioni ya meno 22 iliyotoka nayo kiwandani, mota inazunguka mara 8.27 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Tairi la barabarani lina mzingo wa kama sentimita 20.

Mota ya 3500 kV, seli mbili: 25,900 gawanya kwa 8.27 ni 3,132, mara 0.2 ni mita 626 kwa dakika, karibu kilomita 38 kwa saa. Mota hiyo hiyo kwa seli tatu: kilomita 56. Ya 13.5 yenye sensa, seli mbili: karibu 32. Hizi ni namba za karatasi, na mzigo na upepo vitachukua chao.

Tazama pengo lililopo kati ya aina mbili za brashilesi kwa betri ileile: kilomita sita, ambazo pinioni yenye meno manne zaidi inazifidia. Ila kila jino linaongeza joto, kwa hivyo panda jino moja moja, ukigusa ganda kila mara. Ukifunga pinioni, pitisha kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, zibane, kaza skrubu, kisha izungushe karatasi itoke. Ikitoka imekunjamana bila kuchanika, nafasi ni sawa.

## Kwa hali yako

Gari ni la mtoto chini ya miaka kumi, au ni la kwanza nyumbani: rudisha mota ya kaboni kama ile ile. Tofauti ya fedha nunua betri ya pili, atacheza mara mbili.

Gari ni la bei nafuu ambalo ESC na risiva (kipokea mawimbi ya rimoti) ni kibao kimoja: usihesabu mota na ESC tu. Utahitaji risiva na rimoti mpya, na kama servo yake, ile inayogeuza magurudumu kwenye kona, ina waya tano, servo pia. Jumlisha kwanza, huenda gari jingine likawa rahisi.

Unakimbiza kwenye vumbi na matope, na betri yako ni seli mbili: brashilesi isiyo na sensa, kati ya 3000 na 3500 kV, iliyozibwa maji. Weka beringi siku hiyo hiyo.

Unapanda miamba: kaboni ya 35 au zaidi kama mfuko umebana, sensa au Fusion kama haujabana. Isiyo na sensa itakuudhi hapa.

Unakimbia kwenye lami na una TBLE-02S: mota yenye sensa, 17.5 kwanza.

ESC imekufa lakini mota ya kaboni ni nzima: nunua ESC ya kaboni tu, ukihakikisha inaruhusu mizunguko ya mota yako.

Unaishi pwani na ufukwe ndio uwanja wako: chagua iliyofungwa pande zote, suuza kwa maji baridi ya bomba ukirudi, pulizia, kisha tone moja la mafuta kwenye kila beringi kabla ya kulala.

La mpwa wangu tuliliwekea kopo jingine la fedha, tukarudisha pinioni ya meno 22 na kubadilisha bushi zote kwa beringi. ESC ilipona. Mota ya 17.5 anaiwekea akiba hadi likizo ya Desemba, na ufukweni sasa anakwenda na mpira.